Benchi Katikati ya Barabara ya Makaa

Asubuhi hiyo benchi halikuwa mahali pake. Miaka yote limekaa ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, mgongo ukutani, uso barabarani, na watu wamelizoea hivyo kama walivyozoea pua zao. Leo lilikuwa katikati ya barabara iendayo kituo cha umeme, limekingama, na wanakijiwe wameketi juu yake, vikombe mkononi, wamenuna kama askari wa mpakani. Na benchi lenyewe si mchezo. Limeungwa kwa mabomba ya boila kuukuu, na kulikokota mpaka hapo kulimfanya kinyozi ashike kiuno na kumwita mama yake. Yote hayo ya nini? Ya lori. Habari zilikuwa zimefika kwamba lori la kwanza la paneli za sola linaingia leo kituoni, na kijiwe kilikuwa kimekata shauri kwamba halipiti. Ni kweli, pembeni mwa barabara pana uwazi wa kutosha malori mawili, lakini hakuna aliyelitaja hilo, na wewe usilitaje.

Mama Presha aliwakuta hivyo alipotoka zamu ya usiku. Jina hilo alilipata kazini, maana yeye ni mwangalizi wa boila pale kituoni, kazi yake kutazama presha isipande wala isishuke. Wanaomjua zaidi husema huzipandisha za watu pia. Alikuwa na jivu kwenye nyusi na jambo zito moyoni. Saa nne angeingia ukumbini mbele ya wakubwa, aseme neno kwa niaba ya wafanyakazi wote. Makaa ya mawe yanafungwa, sola inaingia. Uongozi wa kituo ulitaka aseme ndiyo, tumekubali. Mheshimiwa diwani alitaka aseme hapana, hatuzimi. Wafanyakazi wenzake walimchagua kwa vigelegele, kisha wakaenda zao kulala wakamwachia yeye hilo neno. Na neno hakuwa nalo.

— Nani kaweka benchi barabarani? aliuliza.

— Sisi, alijibu kinyozi. Kwa heshima na taadhima.

Kinyozi huyu anaitwa Redio, kwa sababu hana pa kuzimia.

— Na lori likija?

— Halipiti! walisema wote kwa pamoja.

— Likipita pembeni je?

Walitazama pembeni. Kisha wakatazamana.

— Mama, usituvunje nguvu asubuhi yote hii, Redio alilalamika. Keti.

Akaketi. Muuza kahawa akammiminia. Huyu wanamwita Birika, mtu asiye na makuu, anayefungua mdomo akiona kikombe kitupu tu. Kulia kwake Mama Presha alikuwepo Tela, dereva mstaafu, aliyebeba makaa kwa lori mpaka mgongo ukagoma. Kushoto alikuwepo Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe. Kijiwe kizima kinamwita Shemeji, ingawa ni shemeji wa mtu mmoja tu. Yeye ni mpambe wa diwani, na shati lake la chama halijui kabati.

— Sasa Mama, leo ndiyo leo, alianza Tela. Ukifika mle ndani, waambie habari ya jua.

— Habari gani ya jua?

— Kwamba linakwisha! Hebu fikiri mwenyewe. Ukiweka kidude kimoja juani kinavuta kidogo. Ukijaza uwanja mzima? Vinavuta jua lote la kata hii. Nguo hazikauki. Mahindi hayakauki. Na mimi na mifupa yangu hii nitakwenda kuota wapi?

— Jua haliishi, Tela.

— Na makaa si walituambia hayaishi?

Hapo kidogo alikuwa na hoja, na Tela mwenyewe alishtuka kujikuta nayo.

— Tela anaona jua tu, haoni mchezo, alidakia Redio. Hawa wanaotukopesha pesa za sola, wanaosema makaa ni haramu, kwao waliyachoma miaka nenda miaka rudi mpaka wakanenepa. Leo wameshiba, wanatufunikia sisi chungu.

— Hilo nalo ni kweli, Mama Presha alisema.

— Subiri, sijafika. Unajua kwa nini wanataka tuyaache? Wayavute wao! Kwa bomba, chini kwa chini, mpaka kwao. Utaamka siku moja ukute kilima kimezama.

— Bomba la kupita chini ya bahari?

— Na pampu. Nani kakwambia wamekosa pampu?

Birika alishindwa kujizuia.

— Na moshi wao walioutoa miaka hiyo yote, waliuweka wapi?

— Kwenye mitungi, Redio alijibu bila kupepesa. Hiyo mitungi ya gesi mnayopikia, mnadhani ndani mna nini?

Birika aliutazama mtungi wake kwa jicho la wasiwasi, akausogeza mbali na mguu wake.

— Acheni utoto, alisema Shemeji. Hili ni jambo la siasa, na siasa ina wenyewe. Mheshimiwa amesema, na akisema amesema. Kituo hakifungwi mpaka uchaguzi upite.

— Na ukishapita? aliuliza Mama Presha.

— Ukishapita, ataunda kamati.

— Kamati ya nini?

— Ya kuangalia. Shem, mambo haya yana hatua zake. Leo wewe fanya kitu kimoja tu. Simama, piga meza, sema hatuzimi. Rudia. Wapiga picha watakuwepo. Mheshimiwa atainuka, naye atapiga meza.

— Halafu?

— Halafu dunia nzima itajua nani anasimama na wafanyakazi.

— Halafu, shemeji?

Shemeji alikohoa.

— Halafu kamati.

Mama Presha alisonya. Anampenda shemeji yake, tena sana, ila kuna siku hutamani kumkwida. Kaka wa Shemeji huyuhuyu, yaani mumewe, alifanya kazi kwenye chumba cha kusagia makaa, na kifua ndicho kilichomwondoa, akitema weusi kwenye leso mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo yeye asije akaambiwa na mtu kwamba makaa ni baba na mama. Aliyachukia makaa, waziwazi, bila kuficha. Na hayohayo yalimlisha, yakawasomesha wanawe, yakamfanya mwanamke anayepigiwa simu na mainjinia moto unapoleta ukorofi. Ukimuuliza lipi kubwa, chuki au shukrani, atakufukuza.

— Kaka yako angekuwepo, angesema hatuzimi?

Shemeji aliinamia kikombe.

— Usinitoneshe, shem.

— Nakutonesha, maana mimi kidonda hiki nalala nacho.

Tela ndiye aliyejitosa.

— Basi sema ndiyo, Mama, yaishe. Chukua kiinua mgongo chako, nunua mbuzi.

— Mbuzi? Mimi?

— Mimi nilinunua.

— Wako wapi?

— Walikufa. Lakini nilinunua.

Wakacheka, hata Shemeji. Redio hakucheka kwa sababu alikuwa akipanga maneno, na Redio akipanga maneno ujue yanakuja makubwa kuliko yaliyotangulia.

— Nyie mnacheza, alisema. Mnajua watakachofanya sola ikishatulia? Kivuli kitalipiwa.

— Ebo!

— Jua likishakuwa mali ya kampuni, kivuli chako kinaangukia mali ya watu. Unaharibu bidhaa. Kwa hiyo kila mtu atafungwa mita kiunoni. Mwembamba atalipa kidogo. Mnene, shauri yake.

Tela alilishika tumbo lake kwa mikono miwili.

— Hawathubutu!

— Thubutu tena! Na bado vipara. Vinang'aa, having'ai? Vitasajiliwa. Kila mwenye kipara atapangiwa zamu ya kukaa juani, kichwa kimeelekezwa kwenye paneli, aongeze mwanga. Bure, kwa faida ya taifa. Na kwa kuwa serikali itahitaji vipara vingi, nywele zitapigwa marufuku. Mimi kama kinyozi nasema hii ni vita dhidi ya nywele.

— Nywele zikipigwa marufuku si ndipo utakapopata kazi? aliuliza Birika.

Redio hakuwa ameliwaza hilo.

— Wewe Redio unaogopa wateja watakukimbia, alisema Mama Presha, si kwa ukali.

— Naogopa! alisema Redio, na safari hii sauti ilimbadilika. Nani ananyoa kwangu? Watu wa makaa. Nani anakunywa kwa Birika? Watu wa makaa. Tozo ya makaa ndiyo inayolipa mwalimu wa mwanangu na kuwasha taa za mtaa. Kile kituo kikifunga nitamnyoa nani mimi, kunguru? Ndiyo maana natapika upuuzi huu, Mama. Nikinyamaza tu, hofu inaanza kuongea.

Hakuna aliyemcheka. Mama Presha aliweka mkono begani pake akaubonyeza. Yeye naye alikuwa na hofu yake. Kwa umri wake, na magoti yake, nani angemkalisha darasani kumfundisha kazi mpya? Wakubwa walisema kiinua mgongo, diwani alisema kamati, na katikati ya hayo mawili hapakuwa na kitu cha kushika.

Hapo ndipo lori lilipotokea.

Lilikuja polepole, limefunikwa turubai, likapiga honi kidogo kama mtu anayebisha hodi. Redio alipanda juu ya benchi akatanua mikono. Tela alishika benchi kwa nguvu kana kwamba lori lingemng'oa. Shemeji alifunga kifungo cha juu cha shati. Lori likasimama, likazimwa, akashuka mwanamume mfupi mwenye taulo shingoni, akaja moja kwa moja mpaka walipo.

— Hamjambo, wenyeji.

— Hatujambo. Halipiti! Redio alisema.

— Nini hakipiti?

— Lori lako.

— Sijaja kupita. Nimeona birika. Kahawa bado ipo?

Hili hawakuwa wamelipangia. Kulikatalia lori ni jambo moja. Kumkatalia mgeni kahawa ni jambo jingine kabisa, la aibu. Birika alikiinamisha chombo chake, ikatoka ya mwisho, nusu kikombe na masimbi yaliyotuama chini. Wakasogea. Mgeni akajibana kati ya Tela na Shemeji, akashusha pumzi. Kwa hiyo kizuizi cha kuzuia lori sasa kilikuwa kimekaliwa na dereva wa lori.

— Benchi zuri, alisema akilipapasa. Bomba za boila hizi?

— Za boila, alijibu Mama Presha. Iliyokufa.

— Basi nyie ndio watu wa kituo. Afadhali, nilikuwa natafuta wa kumuuliza. Mimi kazi yangu kushusha mzigo tu. Sasa mafundi watakaozifunga hizi paneli na kuziangalia baadaye, ni nani kati yenu?

Redio alimtazama Tela.

Tela alimtazama Shemeji, Shemeji akaitazama barabara.

— Si nyie? mgeni aliuliza.

— Sisi ni watu wa makaa, alisema Tela.

— Sawa. Na makaa si yanafungwa? Sasa nani?

Hata Birika, ambaye mikono yake haikai bure, aliacha kusuuza vikombe.

— Nauliza tu, alisema mgeni, hana ubaya. Kule nilikopeleka mzigo mwezi uliopita niliuliza hivihivi, wakanyamaza hivihivi. Wenyeji walikuwa wakisema hatutaki, hatutaki. Niliporudi na mzigo wa pili, mafundi wameletwa kwa mabasi kutoka mbali, na wale wenyeji wanawauzia chai getini.

Akamaliza kahawa, akashukuru, akarudi kwenye lori lake, akaegemeza kichwa kwenye usukani ajipumzishe.

Mama Presha hakujua amesimama saa ngapi. Alijikuta wima. Swali la yule mtu lilikuwa limemchoma mahali anapopajua. Pale kwenye boila kuna desturi isiyoandikwa popote, na haijawahi kuvunjwa. Huachi moto mpaka anayeingia zamu amekuja, ameweka kiganja kwenye chuma cha mlango wa tanuri, akasema kwa sauti, “Nimepokea.” Asipokuja, unakaa. Mwaka ule wa mafuriko, barabara ilipokatika, Mama Presha alikaa na moto usiku na mchana na usiku tena, mumewe akimletea chakula amevua viatu, maji magotini. Hakuna aliyemsifu, wala hakungoja sifa. Hivyo ndivyo kazi ilivyo. Leo watu wanataka azime moto wenyewe, moto wa mji mzima, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuweka kiganja. Mmoja anasema zima uondoke. Mwingine anasema usizime, tupigwe picha. Hasira ilimpanda, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe alijisikia vizuri.

— Shemeji, mheshimiwa wako kafika ukumbini?

— Kafika mapema. Ana kipaza sauti chake mwenyewe.

— Basi twende. Nyote.

— Na lori? aliuliza Redio.

— Lipite. Yule mtu ametufanyia kazi kuliko kamati nzima.

— Utasema ndiyo au hapana, Mama?

— Wala ndiyo, wala hapana.

— Kwani kuna kingine?

— Kitakuwepo, alisema, na hatua zake tayari zilikuwa mbele yao.

Ukumbini kulikuwa na meza ndefu na maji ya chupa. Meneja alikaa katikati, injinia wa mradi kulia kwake, mgeni kutoka benki inayokopesha kushoto, na mheshimiwa diwani mwishoni, penye mwanga mzuri wa picha. Shemeji alikwenda kusimama nyuma yake, mkoba wa mheshimiwa mkononi, kama ilivyo ada. Redio, Tela na Birika walijazana dirishani pamoja na wafanyakazi wa zamu ya asubuhi. Mama Presha alipewa kiti, hakukikalia.

— Mama, karibu sana, alisema meneja. Tunajua umetoka kazini, hatutakuchosha. Tunaomba neno moja tu. Ndiyo, au hapana.

Diwani alikuwa ameshaweka kiganja juu ya meza, tayari.

— Moto tutauzima, alisema Mama Presha.

Dirishani watu waliguna. Mkono wa diwani ulibaki hewani, haujui pa kutua.

— Mume wangu amezikwa na makaa yenu kifuani, kwa hiyo msidhani nayalilia. Tutauzima. Lakini mnajua pale kwangu mtu haachi zamu mpaka anayepokea aseme amepokea. Haijalishi umechoka, haijalishi una homa. Basi na hii ni zamu. Siku mtu wetu wa humuhumu, aliyefunzwa, atakaposimama kwenye hizo sola zenu na kuniambia nimepokea, siku hiyo nitazima kwa mkono wangu. Wa mkanda unaobeba makaa afunzwe. Wa kusagia afunzwe. Aliyezeeka kama mimi apewe haki yake bila kubembeleza. Na sehemu ya umeme huo iwashe taa zilezile zilizokuwa zikiwashwa na tozo. Sasa nauliza, na si swali langu, nimeulizwa mimi barabarani nikakosa jibu. Nani anapokea? Nitajieni mtu mmoja tu wa kuanzia.

Meneja alimtazama injinia. Injinia alimtazama mgeni wa benki. Mgeni wa benki alifungua chupa ya maji ambayo ilikuwa imeshafunguliwa.

— Swali zuri sana, alisema diwani, amepata pa kushika. Na mimi naahidi mbele ya umma huu kwamba tutaunda kamati...

— Mheshimiwa, Mama Presha alimkata, kamati haishiki zamu.

Dirishani Redio alipiga mbinja. Nyuma ya kiti cha diwani, Shemeji aliuweka mkoba chini. Aliuweka taratibu, kama anaogopa utapiga kelele, akaizunguka meza yote ndefu, macho ya watu yakimfuata, akaja kusimama ubavuni mwa shemeji yake.

— Mama, alisema meneja, na sasa alikuwa akiongea kama mtu na mtu, nisikudanganye. Jibu la hilo hatuna. Mkataba wa mradi haukuuliza.

— Ahsante kwa ukweli.

— Kwa hiyo?

Mama Presha alikivuta kile kiti, akakaa, akavua viatu vyake vizito, akavipanga chini ya meza ya wakubwa.

— Kwa hiyo nitakaa. Nendeni mkalitafute jibu. Mimi kungoja anayepokea si kazi ngeni kwangu.

Tela ndiye aliyeingia wa kwanza, kwa mlango, mgongo wake haukumruhusu dirisha. Redio alipita dirishani. Birika alifuata, kisha watu wa mkanda, kisha wa kusagia na vumbi lao, wakakaa sakafuni mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Hakuna aliyepiga kelele. Wapiga picha walimgeuzia diwani mgongo.

Meneja aliwatazama kwa muda mrefu. Halafu akamwita mlinzi aliyesimama mlangoni, akamwambia aongeze viti.